Majivu ya Ruthi

Tangu ninunue jiko la gesi, sitaki hata kunusa moshi. Kila Ruthi, jirani yangu hapa Same, alipobandika makande kwenye kuni, nilitoka uani nikafoka kwamba ananinukishia nguo zilizo kambani.

Mwezi huu vidukari wakavamia sukuma wiki niliyootesha kwenye ndoo. Nikapulizia maji ya sabuni, wapi! Ya Ruthi haina hata mdudu mmoja, maana huinyunyizia majivu asubuhi kabla umande haujakauka. Mimi majivu nitayatoa wapi, kwenye mtungi wa gesi?

Jana nikajikaza, nikabisha hodi na kopo mkononi. Ruthi akalijaza pomoni. Nilipogeuka kuondoka, akaniita: “Mama Irine, na moshi je, nikufungie?”