Jibu Kesho

Mashine ya kukoboa mpunga ikishawaka, watu hawasikilizani. Hiyo ndiyo sababu Leodegar alitundika ubao.

Mashine yake ilikuwa pale Ifakara, kando ya barabara ya kwenda stesheni, na ikianza kunguruma asubuhi ilinguruma mpaka jioni. Wakati wa mavuno foleni ya magunia ilizunguka jengo ikakaribia kurudi ilikoanzia. Wenye magunia walikaa wakitazamana kama watu waliokoseana, maana hata kumuuliza jirani habari za watoto kulitaka umpigie kelele sikioni. Leodegar aliwaonea huruma. Alitafuta kipande cha mbao, akakipaka rangi nyeusi, akakitundika mlangoni na kuandika kwa chaki: Pweza ana mioyo mingapi?

Siku ile hakuna aliyesinzia. Nadhira, aliyekuwa akiuza chapati na chai pembeni ya mashine, alikuja kulisoma swali mara tatu huku mikono yake imejaa unga.

"Bibi yangu kule Kilwa amepika pweza miaka sitini," alisema mashine ilipozimwa. "Hakuona hata moyo mmoja. Wewe mtu wa mpunga umeiona wapi hiyo mingi?"

"Jibu kesho," alisema Leodegar.

Tangu hapo ukawa utaratibu. Swali liliandikwa saa mbili asubuhi. Mwenye jibu aliliandika kwenye kipande cha karatasi pamoja na jina lake, akakichomeka kwenye fundo la gunia. Jioni Leodegar alikusanya karatasi zote, na kesho yake, kabla ya kuwasha mashine, alitangaza jibu. Gunia la aliyepata lilikobolewa mwanzo. Wakipata wengi, walifuatana kama walivyokuwa kwenye foleni. Na chini ya kila swali yaliandikwa maneno yaleyale mawili: Jibu kesho.

Watu wakaanza kumwita Mwalimu. Ualimu wenyewe hakuusomea. Shule aliiachia darasa la nne, baba yake alipougua. Mengine yote alijifundisha mwenyewe, polepole, kama mtu anayechambua mchele punje kwa punje. Watu waliamini kwamba maswali yanatoka kichwani mwake. Leodegar hakuwahi kusema hivyo, ila pia hakuwahi kusema vingine. Yalitoka kwenye kitabu kimoja alichokiweka ndani ya kopo tupu la grisi chini ya meza ya mizani. Kitabu hicho hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Alikipata hivyo, na pengine kurasa hizo zilikwishafungia karanga. Kilikuwa na maswali mia tisa na ushee. Leodegar alijua ni cha siku nyingi, kwa hiyo kila redio ilipomwambia jambo jipya alikirekebisha kwa kalamu. Zaire aliikata akaandika Kongo. Idadi ya mikoa aliikata mara nne. Alipofikisha marekebisho kumi na moja, aliona kitabu kimepona.

Miongoni mwa waliojibu mara kwa mara alikuwa Kandida wa Lupiro, ng'ambo ya mto, mjane mwenye shamba la ekari sita na maneno machache. Akileta mpunga alilala kwa dada yake Kibaoni mpaka kazi iishe. Msimu huo alikuwa amepata majibu saba. Karatasi zake zilikuwa na mwandiko wa duara, na Leodegar alizitunza zote kwenye lile kopo, pamoja na kitabu. Angeulizwa sababu, angesema ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Leodegar naye alikuwa amefiwa na mke, mwaka wa saba. Tangu msimu uliopita alikuwa na jambo la kumwambia Kandida, lakini kila alipolipanga likatimia, mashine ilikuwa inawaka.

Beno, aliyebeba magunia ya wateja kwa guta lake la magurudumu matatu, alikwisha kugundua.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Nimefanya utafiti. Kandida akiwa hayupo, unauliza habari za Uchina na mwezini. Akija, unauliza: mji gani uko ng'ambo ya mto Kilombero, una herufi sita, unaanza na L."

Wenye magunia wakacheka. Leodegar alisafisha ungo ambao ulikuwa safi.

"Halafu mimi nina swali langu," Beno aliendelea. "Lupiro hakuna mashine za kukoboa?"

"Zipo."

"Ngapi?"

"Zipo kadhaa."

"Basi mtu avuke daraja lote lile na magunia matano, kuna nini huku?"

Leodegar akawasha mashine.

Jumanne moja ya mwezi wa saba, kitabu kilifika kwenye swali hili, naye akaliandika: Nchi gani ni kubwa kuliko zote Afrika? Lilikuwa swali jepesi. Jioni alikusanya karatasi kumi na mbili. Kumi na moja zilisema Sudan, kama kitabu kilivyosema na kama kila mmoja wao alivyofundishwa shuleni. Ya kumi na mbili, yenye mwandiko wa duara, ilisema Algeria. Leodegar aliishika kwa muda. Alimsikitikia.

Jumatano asubuhi alitangaza: "Sudan. Wamepata wote, isipokuwa mmoja."

Kandida alisimama kutoka kwenye gunia lake. "Kaka Leodegar, una hakika?"

Aliuliza kwa upole kabisa, na swali la upole lilistahili jibu la upole. Siku nyingine zote Leodegar alikuwa mtu wa kusema ngoja nitazame tena. Lakini foleni nzima ilikuwa inamtazama, Beno alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu, na Leodegar alitaka sana asionekane anampendelea.

"Nina hakika," alisema. "Dada Kandida, jiografia haina huruma."

Foleni ikaangua kicheko. Mtu mmoja akarudia, "Haina huruma!" na kicheko kikaanza upya. Kandida alisubiri kiishe. Kisha akamgeukia Beno.

"Nipakilie magunia yangu matano. Nipeleke kwa Raimundi."

Mashine ya Raimundi ilikuwa upande wa pili wa barabara, hatua arobaini tu. Haikuwa na ubao, ilivunja mchele ukatoka chenga nyingi, na mwenyewe alikuwa mkali. Beno alipakia bila kusema neno, na watu wote walijua kwamba Beno akikosa neno, jambo limekuwa kubwa.

Siku hiyo Leodegar hakuandika swali. Mchana alizima mashine ili ipoe, akaenda kukaa kwenye benchi la Nadhira. Nadhira alimmiminia chai bila kuulizwa.

"Simu yako ina bando?" Leodegar aliuliza.

"Ina. Nimekwisha kutazama tangu saa tatu. Nilikuwa nangoja tu mwenyewe uje."

"Inasemaje?"

"Algeria." Alimgeuzia kioo cha simu. "Sudan ilikuwa kubwa zamani. Ikagawanyika, Kusini wakajitenga, mwaka elfu mbili na kumi na moja. Kandida ana mdogo wake, alipitia jeshi la kujenga taifa Chita, baadaye akapelekwa kulinda amani Darfur. Alirudi na habari zote. Wewe habari zako umezitoa wapi?"

Leodegar aliweka kikombe chini. Kisha akainuka, akaenda chini ya meza ya mizani, akarudi na kopo. Nadhira alifuta mikono yake vizuri kabla ya kukipokea kitabu. Alifungua kurasa moja moja, akaona Zaire iliyokatwa, akaona mikoa iliyokatwa mara nne, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Kaka," alisema alipoweza kusema, "hiki kitabu kina wajukuu."

"Nilikuwa nakirekebisha."

"Naona. Na hizi karatasi nazo unazirekebisha?" Alikuwa ameshika majibu saba ya Kandida, yamekunjwa sawasawa na kufungwa kwa uzi wa kushonea magunia.

Leodegar alitazama chai yake.

"Sikia," Nadhira alisema, na sasa hakuwa anacheka. "Kukosea nchi si kitu. Hata mimi ningesema Sudan. Lakini wale watu walimcheka mbele yako, na aliyewapa kicheko ni wewe. Kesho mpunga wake ukishatoka kwa Raimundi anapanda gari, na mwakani atakoboa hukohuko Lupiro. Huko mashine zipo kadhaa, si ndivyo ulivyosema?"

Leodegar alimaliza chai. Jambo lile alilipima kama alivyopima kila kitu, akiongeza kidogo huku na kupunguza kidogo kule. Angeweza kumfuata Kandida kwa dada yake jioni, akamwomba radhi wakiwa wawili. Hilo lilikuwa jepesi, na ndiyo maana hakuliamini. Alikosea mbele za watu.

Alhamisi saa mbili kamili asubuhi aliandika kwenye ubao kwa herufi kubwa: JIBU LA JUMANNE NI ALGERIA. KANDIDA ALIPATA PEKE YAKE. ALIYEKOSA NI MWENYE UBAO. Foleni ikasoma, ikaguna. Lakini Kandida alikuwa kwa Raimundi, na kutoka kule maandishi yasingesomeka. Leodegar alilitazama tatizo hilo, akaona lina jibu moja tu. Akautungua ubao, akauweka begani, akavuka barabara.

Foleni yote ikamfuata. Nadhira alifuata na mwiko mkononi. Beno alitangulia kusimamisha pikipiki, akipaza sauti kama askari wa barabarani: "Pisheni! Pisheni jiografia!"

Mashine ya Raimundi ilikuwa inanguruma, kwa hiyo hakuna neno ambalo lingesikika. Leodegar alisimama mbele ya Kandida, akaushika ubao kwa mikono miwili kifuani, akangoja. Kandida alikuwa amekaa juu ya gunia lake la mwisho. Manne yalikwisha kukobolewa. Alisoma taratibu kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayesoma barua ya ukoo. Hakutabasamu, wala hakukunja uso. Alipomaliza alinyoosha mkono, na Leodegar akampa chaki.

Kandida alifuta ubao wote kwa pindo la khanga yake. Kisha, Leodegar akiwa bado ameushika, akaandika kwa mwandiko wa duara: Nyumba ya Kandida, Lupiro, ina milango mingapi?

Leodegar ilimbidi ainamishe kichwa na kusoma maneno yakiwa juu chini. Alifungua mdomo. Kandida akainua kidole, akaongeza maneno mawili chini yake: Jibu kesho.

Njiani kurudi, Beno alitembea ubavuni mwake. "Mwalimu, mimi nimepeleka mizigo pale mara mbili. Ninunulie soda tu, nikupe jibu."

"Hapana."

"Chapati moja."

"Beno, haya yote yamenipata kwa sababu ya kuamini macho ya mwingine. Acha."

Ijumaa, katikati ya msimu, siku ambayo hakuna mwenye mashine hata mmoja Ifakara angethubutu kufunga, mlango wa Leodegar ulikuwa na kufuli. Kwenye ubao palikuwa na maneno haya: Nimekwenda kutafuta jibu. Kufika mchana, watu walikuwa wamechomeka makaratasi kwenye kitasa: miwili, mitatu, mmoja, na moja yenye mwandiko wa Beno iliyosema, Umri huu, mlango wowote ni baraka.

Leodegar aliondoka na baiskeli alfajiri, akavuka daraja, mto ukiwa umetulia chini na wavuvi wakikung'uta nyavu. Alifika Lupiro jua limepanda, shati limemganda mgongoni. Nyumba alielekezwa na watu watatu, na wote watatu walimtazama kama waliokuwa wanamtarajia.

"Hodi."

"Karibu," Kandida alisema kutoka kivulini, ungo mapajani. "Ila usikae kwanza. Hesabu."

Leodegar aliegemeza baiskeli. Alihesabu mlango wa mbele, wa bluu. Alizunguka upande wa kulia, akaukuta wa jiko, lililokuwa kibanda cha peke yake, akasimama pale akifikiri kama jiko ni nyumba au si nyumba. Aliamua ni nyumba. Upande wa kushoto aliona ukuta na kuku. Nyuma palikuwa na uzio wa matete uliosimama karibu na ukuta, na mbele yake marundo ya majani ya mpunga. Alizunguka mara ya pili ili kuhakikisha. Kandida alipeta mchele bila kuinua uso.

"Miwili," Leodegar alisema mwishowe.

"Una hakika?"

Swali lilikuwa lilelile, na sauti ni ileile ya upole. Safari hii Leodegar hakuona haya kulifikiri.

"Hapana," alisema. "Ni miwili niliyoiona."

"Sudan," alisema Kandida.

Akacheka. Leodegar hakuwahi kumsikia akicheka. Miaka miwili mashine ilikuwa imekimeza kicheko hicho. Kandida aliweka ungo chini, akamwashiria, wakazunguka nyumba pamoja. Aliusogeza uzio wa matete kwa mkono mmoja, na nyuma yake, ukutani, palikuwa na mlango mdogo wa mbao usiopakwa rangi.

"Wageni hawauoni," alisema. "Wageni wanapita mbele, wanakaa sebuleni, wanakunywa soda, wanaondoka. Huu tunapita sisi wa nyumbani."

Leodegar alisimama akiutazama. Lile jambo alilokuwa amelipanga tangu msimu uliopita lilimjia lote kwa pamoja, na safari hii hapakuwa na mashine yoyote iliyowaka. Lakini Kandida alikuwa amekwisha kuusukuma mlango, na ndani birika lilikuwa juu ya jiko la mkaa linachemka.

"Inama," alimwambia. "Ni mfupi."

Leodegar akainama.