Zamu ya Jiwe

Loisi alifika saa nzima kabla ya mchezo wa kuigiza, akatandaza koti la mumewe kwenye benchi la mbele, upande wake wa kulia. Kushoto kwake aliketi Tabita, mama mkwe wake, akinung'unika kwamba wamewahi kama waliokuja kufagia. Watu wakalijaza ghala la ushirika la kijiji cha Mpemba mpaka mlangoni, maana mwaka ule wa 1983 ghala halikuwa na kitu kingine cha kulijaza.

"Hapa pana mtu?" aliuliza mwanamke mmoja mjamzito.

"Pana mtu," Loisi akajibu.

Mtu mwenyewe alikuwa Jairo, aliyevuka mpaka miaka saba nyuma kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya Zambia. Barua zilikuja mwaka mmoja, zikakoma. Walipokuwa chuo cha ualimu, yeye na Loisi walipata mchezo uliochapwa kwa stensili, jina lake *Zamu*, wakausoma mpaka karatasi zikalegea. Watu wamepanga foleni mbele ya dirisha la duka. Mmoja ameondoka, kaacha jiwe limshikie nafasi. Foleni ikisogea, wenzake wanalisukuma kwa mguu. Mwisho jiwe linafika dirishani, ni zamu yake, na hakuna anayethubutu kuliruka. Basi wote wanabaki palepale mpaka wanazeeka. Walivyokuwa wakicheka! Jairo akaapa kwamba siku mchezo ule utakapoigizwa, popote pale, watauona wameketi pamoja.

Kwa hiyo wanachuo walipotangaza kuuleta Mpemba, Loisi aliandika barua, akampa Hamis, dereva wa lori la kwenda Kitwe, huko migodini. Hamis aliiacha kwa mwenye nyumba wa zamani wa Jairo, na zaidi ya hapo hakujua kitu. Ukiniuliza mimi, kule kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Lakini nani angemwambia?

Mchezo ukaanza. Jiwe lilikuwa jiwe kweli, limeokotwa barabarani. Lilipowekwa tu watu wakaangua kicheko. Nani pale ambaye hakuwahi kuacha jiwe lake kwenye foleni ya sukari? Loisi alingoja kicheko chake nacho kije. Hakikuja. Mlango wa ghala ukilia anageuka, na kila akigeuka anakuta ni mtu mwingine.

Siku zote za kuusoma mchezo ule hakuwahi kuwafikiria waliosimama nyuma ya jiwe. Sasa aliwaona. Msichana aliyelifuata jiwe alikuwa amepakwa unga kichwani uwe mvi, ameshika kikapu kitupu, wala hana ugomvi na mtu. Loisi alikuwa na miaka thelathini na minne.

"Liondoeni!" mzee mmoja akapaza sauti huko nyuma. "Asiyekuwepo na lake halipo!"

Ghala zima likacheka, isipokuwa Tabita. Akamwinamia mkwewe.

"Mbona hawaliondoi?"

"Si lao, mama. Kila mmoja anaogopa kuwa ndiye aliyeliondoa."

Tabita akamtazama yule mjamzito, aliyekuwa ameegemea nguzo, mkono kiunoni, anahema. Kisha akanyoosha mkono juu ya magoti ya Loisi, akalichukua koti. Alilipakata, akalikung'uta vumbi, akalikunja taratibu, mikono ya koti ikipishana kifuani kama ya maiti.

"Mama, huenda yuko njiani," Loisi akanong'ona.

"Nimemzaa mimi," Tabita akasema. "Acha niliondoe mimi."

Akamwita yule mwanamke kwa mkono.

"Njoo ukae, mwanangu. Hapa hapana mtu."

Loisi akasogea kumpa nafasi.