Pilau ya Hadji Kitsa

Maiti hainichukize. Mwaka wa kumi na tisa sasa niko naosha bamama ku musikiti wetu huku Butembo, na nilisha kuosha wa ajali, wa panga, na wale walikufa mu kuzaa. Bazima njo banachafula roho yangu. Na kati ya bazima bote, sijaona wa kunichefula sawa Hadji Kitsa, muuzaji wa mabati, mwenye alirudi kutoka Maka mwaka huu na kanzu nyeupe ile ata mavumbi ya Butembo inaogopa kuigusa.

Siku ya ine, Alhamisi, asubui alinitumia mutu. Mama yake, bibi muzee, mukaka Kahongya, alikufa, nikuje kumuosha mbio, bamuzike kisha sala ya azuhuri. Mi nilishangaa. Nilijua mukaka alikimbia vita kule Eringeti, mais Hadji mwenyewe alituambiaka ku musikiti kama mama yake iko Beni kwa dada yake, anakula muzuri, ananenepa. Sasa maiti ilifika namna gani Butembo, tena mu parsele yake, mu uwanja wa nyumba yake?

Nilienda na mwenzangu Feza, na ndoo zetu, kafuri, na vitambaa vya mukono. Hadji alitupokea na sauti ya matanga, akatuonyesha chumba ya nyuma, kati ya choo na mbuzi zake. Ye hakuingia. Alisimama mbali na leso ku pua. Sababu ya mama yake mwenyewe, mwenye alimunyonyesha.

Ile tuliona ku mwili, sitaisema. Mwenye kuosha anafunika, dini yetu njo inasema vile, aibu ya maiti inaenda na maji. Tangu nianze hii kazi sijasema ya mutu hata moja, ata bwana yangu aliniuliza mpaka akachoka. Mais chumba hapana maiti, chumba nitaisema. Hapakuwa dirisha. Hapakuwa kitanda, mifuko tu ya simenti chini. Na kufuli ilikuwa ku mulango upande wa inje. Feza alitoka kutapika, akarudi, akanawa. Tukaanza upande wa kuume, bismillahi, polepole, maji ya vuguvugu, mara tatu, mara tano, mara saba. Nywele yake tulisuka mikia tatu. Nilikuwa nalia na kasirani.

Tukiwa tunaosha, sauti ya mwanamuke ikapita mu tundu ya ukuta, ikauliza kama mukaka aliamuka muzuri. Alikuwa Kavuo, jirani, Mukatolika, mwenye analima maarage nyuma ya parsele. Nilimuambia mukaka alitutoka. Akanielezea yote. Miezi tatu alikuwa anapitisha uji na maji mu ile tundu. Alienda kumuambia Hadji mara mbili. Hadji akamujibu mukaka iko na wazimu, na mambo ya Baislamu haimuangalie, aende kanisani kwake.

Miezi tatu. Mi nilibaki na kopo ya maji mukononi. Sababu karamu ya Hadji kurudi kutoka Maka tuliifanyia mu hii parsele, na haijaisha miezi mbili. Tulikuwa bamama ishirini na kitu. Mi nilikaa ku kiti ya plastiki, mugongo wangu ku huu mulango. Nilisikia harufu, nikauliza, Hadji akasema ni mbuzi. Nikacheka, nikaongeza pilau. Mungu wangu, nilikula na mukaka alikuwa nyuma yangu na njaa. Ile saa nilijichukia kupita vile nilimuchukia ye.

Mbele tumalize, Hadji akaita kutoka kiwanjani, kwa nguvu, batu bote basikie. Alisema alileta sanda kutoka Maka, iliyochovywa mu maji ya Zamzam, alijiwekea mwenyewe juu ya siku yake ya kufa, mais leo anamupatia mama, juu pepo iko chini ya miguu ya mama. Inje bamama balilia kwa uzuri wa ile neno. Mumoja akasema Mungu atupatie sisi pia mutoto wa namna hii. Feza aliniangalia. Sanda ikapitishwa ku mulango, nilitaka kuirudisha. Kisha nikaona nguo haikufanya kosa, nikamuvalisha nayo mukaka.

Tukamutoa inje, tukamuweka mu kiwanja, batu bakajaa. Hadji akasimama karibu ya jeneza na kusema kama mama yake alikulaka ku mukono wake ye mutoto mpaka siku ya mwisho. Alisema wema hapana kelele, wema ni mutu na Mungu wake. Alisema ile na kelele, mbele ya komite ya musikiti, na kesho yake, kisha sala ya Ijumaa, ile komite ilikuwa itamuweka prezida wake. Imamu alikuwa anafuta macho.

Bon, ningefanya nini? Nikinyamaza, mukaka anaingia mu udongo na ule uongo juu yake, na mwenye alimufungia na kufuli atabaki kufundisha batoto betu wema. Nikisema ile niliona, ni kumuvua mukaka nguo mbele ya banaume, mi mwenye nimetoka kumuvalisha. Mwoshaji wa kufanya vile Mungu atamuuliza.

Kisha Imamu akauliza vile tunaulizwaka siku zote mbele ya maiti, "Munamushuhudia nini huyu mama?" Na siku zote tunajibu mbio: mutu wa heri. Mbele ya wengine bafungue kinywa, nilisimama upande wa bamama.

"Imamu, juu ya maiti siko na neno," nilisema. "Niko na neno juu ya tumbo yangu. Siku ya karamu nilikula pilau hapa, mugongo ku ule mulango. Mukaka alikuwa mu ile chumba, na kufuli inje. Nilisikia harufu, bakaniambia ni mbuzi, nikaongeza sahani. Najishuhudia mi mwenyewe."

Hadji akasema mi, Mama Tausi, nilichoka, matanga ilinipanda ku kichwa. Hakuna mwenye alimusikiliza. Batu balikuwa banaangalia mulango, na kufuli ilikuwa ingali inaning'inia ku ndoano yake. Bamama benye tulikula pamoja baliinamisha kichwa. Imamu pia alikula ile siku, ye njo alipewa paja ya mbuzi. Akauliza tena, sauti ilipunguka, "Munamushuhudia nini?" Hakuna mutu alijibu. Tungejibu nini, mukaka hatukumujua.

Njo Kavuo akapita kati ya batu, rozari ku shingo, udongo ya shamba ku miguu. Hakujua kama mwanamuke hasimame pale karibu ya jeneza, kati ya banaume, na mutu hakumukataza.

"Mi namujua," alisema. "Kila asubui nikimupitishia uji, alikuwa ananiuliza kwanza kama batoto bangu balikula."