Mrija wa Baba Mkwe

Sekela alifunga mlango wa stoo kabla ya kuutumbukiza mrija kwenye sufuria. Maji yalikuwa ya moto, povu la sabuni ya unga limefika ukingoni. Alisugua huku ametega sikio nje, kama mtu anayechinja kuku wa jirani.

Kapteni Mudathiri alikuwa amemkataza jambo hilo kwa kinywa chake mwenyewe. Rubani huyo, ambaye wazee wake walitoka Pangani wakaja kufungua duka Tukuyu, alirusha kindege cha viti vinne kutoka kiwanja cha nyasi katikati ya mashamba ya chai. Alibeba wagonjwa. Sekela alifagia, akafuta vioo, akatunza mirija ya oksijeni. Ukipanda juu ya milima ya Uporoto hewa huwa nyepesi, na mwenye kifua kibovu havuki bila kusaidiwa.

Mirija ya kawaida ilikuwapo kadhaa, lakini wenye kifuko chini ya pua ulikuwa mmoja tu. Ndani ya kifuko kile mlikuwa na utando laini uliocheza mtu akipumua, ukaweka akiba ya hewa ili mtungi usiishe upesi.

"Huu hauoshwi," Mudathiri alimwambia siku alipomfundisha. "Hapa panapoingia puani pafute kwa spiriti, basi. Utando ukilowa unaganda, na ukiganda, kifuko kinabaki pambo." Kisha akamvalisha ili aone unavyofanya kazi, na Sekela akacheka mpaka utando ukapigapiga.

Asubuhi hii ndipo alipoambiwa nani atauvaa. Ni Mzee Ambindwile wa Kinyala, anayekwenda Dodoma kutibiwa kifua. Baba yake Wilson, mume wa Sekela.

Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe wake usoni. Akimwona njiani hujitupa migombani mpaka apite. Wasichana wa mjini wameshaacha, lakini kule Kinyala Sekela alikoolewa bado walishika, na kikombe chake kilikaa mbali na vya mzee. Sasa kitu kilichoingia puani mwake yeye kikaingie puani mwa baba mkwe? Kitambaa cha spiriti kingeondoa nini? Kumweleza Mudathiri aliona haya. Kwa hiyo aliosha.

Alipomaliza aliufuta, akaukung'uta, akakibinya kifuko. Utando haukucheza. Akabinya tena, umeng'ang'ania ukingoni kama jani lililolowa mvua. "Utakauka," alijiambia, akaenda kuuweka kwenye kiti cha ndege, akarudi stoo mbio kwa sababu gari lililomleta mzee lilikuwa limeshasikika.

Kupitia mwanya wa mbao aliona mabuti ya mpira yakienda polepole, yakisimama, yakienda tena.

"Sekela!" Mudathiri aliita. "Njoo umfunge babu mkanda!"

Sekela akajibanza nyuma ya mlango.

"Huyu dada leo ana nini?"

"Mwache, mwanangu," mzee alisema, pumzi ikimpiga miluzi. "Huyo ni mke wa Wilson wangu. Hawezi kuja nilipo."

"Hata kwenye ndege?"

"Kwani ndege imekuwa nani?"

Mudathiri akacheka, akafunga mkanda mwenyewe. Sekela alifungua mdomo. Neno moja tu lingetosha. Lakini neno lile lilikuwa na mkia mrefu: kwamba aliosha alichokatazwa, na kwa nini, na pua ya nani. Injini ikawaka, ndege ikakimbia juu ya nyasi ikapanda, naye bado mdomo u wazi.

Alishika ufagio akafagia mahali pamoja tu. Akilini alimwona mzee huko juu akivuta, akivuta, na kitu hakiji. Aliomba, kisha akaona haya hata kuomba.

Ndege ilirudi kabla chai ya kikombeni haijapoa. Mudathiri alimshusha mzee akiwa amembeba nusu. Midomo ya mzee ilikuwa na rangi ya zambarau. Alimketisha kwenye benchi la nje ya stoo, upande wa pili wa ukuta wa mbao, akamfunika koti.

"Kosa langu," Mudathiri alisema. "Nilifungua hewa kidogo nikitegemea kifuko, kumbe kibovu. Nilimpa mrija wangu nikageuza. Mzee, pumzika, kisha tupande tena na wa kawaida."

"Sipandi. Kifua hiki Mungu amekikataza kwenda. Nirudishe Kinyala nikafie kwenye migomba yangu."

"Daktari anakungoja, babu!"

"Nimesema sipandi."

Ndani ya stoo, Sekela aliegemea mbao. Mzee angerudi nyumbani kufa kwa kuamini Mungu amemkataa, kumbe aliyemkataa alikuwa sufuria la maji ya moto.

"Kapteni," alisema kupitia mwanya. "Mwambie mzee si Mungu aliyekataza."

Mudathiri akageuka kuutazama ukuta. "Mzee yuko hapa hapa, anakusikia."

"Mwambie wewe. Mwambie mrija niliuosha mimi. Niliuvaa siku ile uliponifundisha, nikaogopa auvae ulioingia puani mwangu. Nikaona utando umeganda, nikanyamaza."

Mudathiri akausogelea ukuta. "Uliona?" aliuliza taratibu, na swali hilo lilimkata Sekela kuliko tusi.

"Niliona."

Mzee alikohoa. "Muulize aliosha kwa sabuni gani. Maana nilinusa sabuni mpaka mawinguni, nikadhani malaika wanafua."

Hakuna aliyecheka isipokuwa yeye, na kicheko kikamrudisha kwenye kikohozi kirefu. Sekela alikisikiliza chote.

"Mwambie sina hasira," mzee alisema alipopata pumzi. Sekela alitamani angekuwa nayo. "Na huo mwingine aje aupime yeye mwenyewe, mbele yangu. Akisema hewa inatoka, nitapanda."

"Mbele yako? Si mmekatazwa kuonana?"

Mzee alivuta koti juu, akajifunika kichwa chote.

Sekela akatoka. Mudathiri aliufunga mrija mpya wa kawaida kwenye mtungi, naye akapiga magoti, akatumbukiza ncha zake kwenye glasi ya maji. Mapovu yakapanda. Akaukausha kwa kitambaa kisafi, akampa Mudathiri.

"Inatoka," alisema.

"Na tutapita chini kwa chini, tuzunguke milima," Mudathiri aliongeza. "Huu unakula hewa nyingi."

Hatua mbili zilimtenganisha Sekela na koti lile. Pumzi chini yake ilikuwa fupi na nzito, na yeye ndiye aliyeifanya hivyo.

"Nisamehe, tata, baba yangu," alisema, bila kumpitishia mtu.

Akangoja kidogo, kisha akarudi stoo na kufunga mlango, ili mzee aweze kujifunua.