Vidonge vya Ivy na Daktari wa Neno

Wewe mama unayempigia mtoto wako vigelegele kanisani, sikia kwanza yaliyompata Agneta wa Kitale.

Jumapili ya Pasaka binti yake Ivy alipanda madhabahuni, akashika maikrofoni, akasema Bwana amemponya kifafa. Kanisa lilipasuka kwa shangwe. Agneta naye alipiga makofi mpaka viganja vikawaka, maana nani hapendi mtoto wake apone? Lakini siku zilipita, na dawa zilikuwa zimekaa vile vile kabatini. Agneta akazitoa.

"Ivy, dawa."

"Mama, si nimeshashuhudia?"

"Umeshuhudia, sawa. Sasa meza."

"Ati nimeze? Unataka nimfanye Mungu mwongo?"

Maneno hayo hayakuwa ya Ivy. Yalikuwa ya Pasta Wangila. Katika kanisa lao ushuhuda ukishatolewa haurudishwi. Mtu aliyesema amepona macho akionekana na miwani, anaketishwa benchi la nyuma na kwaya anaisikia kwa mbali. Na Ivy, msichana wa kidato cha tatu, alipenda kwaya kuliko chakula.

Basi akaanguka. Alikuwa anapika ugali, mkono ukalala kwenye jiko mpaka Agneta alipofika kumvuta. Pasta alipoona bendeji hakuuliza habari za hospitali. Alimwambia Ivy asipande na kwaya mpaka mkono upone, watu wasianze maswali.

"Huyo ni shetani amerudi kupima mlango, Mama Ivy," akasema. "Usimfungulie."

"Pasta, aliyeungua si shetani. Ni mtoto."

"Imani, dada. Imani."

Agneta akarudi nyumbani. Ndipo akamkumbuka Daktari Hesbon Wakoli, wa chuo cha Biblia kule Bungoma. Huyu si daktari wa sindano, ni daktari wa Neno. Yeye na wasomi wenzake ndio walioandika masomo ya Jumapili ya makanisa yao yote, na ndio waliomfundisha Wangila mwenyewe. Kila mwaka kwenye kongamano walisimama wakasema kazi yao ni kulisaidia kanisa lisipotee. Agneta akajiambia, kama kuna siku kanisa linataka msaada, basi ni leo. Akafunga kibanda chake cha mboga, akaenda Bungoma.

Daktari alimpa kiti na chai. Akamsikiliza mpaka mwisho, vitabu vimepangwa nyuma yake hadi darini.

"Hilo ni kosa kabisa, mama," akasema. "Luka alikuwa tabibu. Paulo alimwambia Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Wangila haya yote anayajua, alikaa darasani kwangu."

"Basi mpigie simu umwambie."

Daktari akakohoa. "Unajua, sisi hatumwamuru mchungaji. Tunamsaidia tu. Tumeandaa makala, tutaisoma kwenye semina ya Agosti."

"Agosti? Daktari, kifafa kitangoja semina?"

Yule mzee akakuna kichwa. Aibu ilimwingia, ilionekana. "Haya. Jumapili nitakuja kuhubiri."

Agneta alirudi Kitale akiimba. Kumbe alifurahi mapema.

Jumapili ilipofika, kiti cha mgeni kilivikwa kitambaa cheupe na soda ikawekwa mezani. Daktari akahubiri kwa Kiingereza, Pasta Wangila akatafsiri. Ndiyo desturi ya pale: msomi akija akihubiri kwa Kiswahili, watu wanaona amewadharau. Alianza na Wayunani, akakaa huko kwa Wayunani mpaka watoto wakalala. Agneta alingoja. Hatimaye akafika penyewe.

Kiingereza cha Agneta kiliishia darasa la nane, lakini hospitali akiisikia anaijua, na dawa vilevile. Daktari alitoa sentensi ndefu, hospitali ndani, dawa ndani, kidole kikielekea kwa watu. Pasta akajipangusa jasho.

"Anasema, Mungu wetu ni daktari wa madaktari!"

"Ameeen!"

Daktari akamgeukia Pasta. Alikuwa amesikia. Huyu ni mtu wa Ndalu, hapa jirani tu, Kiswahili amekua nacho. Agneta akakaza macho akingoja amsahihishe. Daktari akafunua ukurasa mwingine.

"Mama, hajasema hivyo," Ivy akanong'ona. "Amesema kuacha dawa si imani."

"Umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Lakini Pasta..."

Daktari akarudia, safari hii polepole. Pasta akaruka: "Anasema, aliyevuka asirudi Misri!"

Agneta akasimama. Shemasi akamvuta sketi, yeye akaupiga mkono wa shemasi.

"Daktari Wakoli! Sema kwa Kiswahili, wewe mwenyewe!"

"Mama Ivy, keti," Pasta akasema. "Hiyo ni roho ya fujo."

"Nitaketi akishasema. Nilipoenda kwake Bungoma hakunijibu kwa Kizungu."

Nyuma wengine wakacheka. Daktari akamtazama Pasta, akatazama bendeji ya Ivy, akafunga karatasi zake. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeungama:

"Kumeza dawa si dhambi. Anayemkataza mgonjwa dawa hakufundishwa hivyo na sisi, wala na Biblia."

Kabla Daktari hajamaliza, Pasta akampungia mpiga kinanda. Kinanda kikanguruma. "Tusimame tumsifu Bwana!" Waliokaa nyuma wakawa wanaulizana, amesema nini, amesema nini?

Lakini Ivy alikuwa karibu. Agneta akatoa vidonge kwenye mkoba, na chupa ya maji.

"Hapa, Mama?"

"Hapa. Si ulishuhudia hapa?"

Ivy akawatazama wenzake wa kwaya, machozi yanamlenga. Akameza. Kiongozi wa kwaya alimwona, akageuza uso.

Baada ya ibada Daktari alimfuata Agneta akitabasamu. "Tumeanza vizuri, mama."

"Tumeanza nini? Yule pale ni Jepkorir. Mumewe ameshuhudia amepona kisukari, sindano wametupa. Yeye hakukusikia, kinanda kilikufunika. Twende umwambie."

Daktari akatazama saa. Alikuwa na kikao Bungoma. "Nitaliandika kwenye somo lijalo," akasema, akaingia garini.

Agneta akamwendea Jepkorir peke yake, akamweleza neno kwa neno. Jepkorir alimsikiliza kwa heshima, akajifunga leso yake vizuri.

"Mama Ivy, wewe unauza mboga za sukuma," akasema. "Mambo hayo kama ni kweli, mbona Daktari mwenyewe hajaniambia?"

Agneta akageukia lango. Gari lilikuwa limeshaingia barabarani.