Aliyeuliza Juu ya Tangi

Kitendawili. Sema "tega," usinikalie kimya kama gogo. Nyumba yangu haina dirisha, na mgeni haingii mpaka mwenyeji atoke. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ni tangi la maji: maji yakitoka ndipo msafishaji anaingia.

Kwetu msafishaji ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Mimi namwita mke mwenzangu. Wengine wanamwita Wakili, kwa vile hakubali neno bila ushahidi. Wakati huo alikuwa anasikiliza kwenye simu watu wanaosema Mungu ni hadithi ya kuwatuliza waoga, na kila jioni tukimenya viazi ananiletea hoja mpya. Siku moja akasema kila jambo lina maelezo, hata maji kupanda ghorofani ni pampu tu.

"Sawa, mke mwenzangu," nikamwambia. "Pampu imenieleza maji yanavyopanda. Haijanieleza nani alijua huko juu kuna kiu."

Akacheka. Kisha akauliza mbona mama yake alipomwita Mungu kabla ya kufa hakujibiwa. Hapo sikujitia mjuzi. Nilimwambia sijui, na kwamba hata mimi nauliza hivyo kila siku, ila namuuliza Mungu mwenyewe.

"Unamuuliza asiyekuwepo, Bibi."

Ijumaa ya wiki hiyo yeye na mjomba wake walikuwa wanasafisha tangi la hospitali, lile la chini ya ardhi. Kazi hiyo ina sheria yake, maana hewa ya mle huharibika bila harufu. Anayeshuka anafungwa kamba kiunoni. Kila baada ya dakika chache aliye juu anauliza, "Upo?" Wa chini anajibu, "Nipo." Asipojibu, anavutwa.

Mjomba akafanya kosa la fundi aliyeizoea kazi mno. Alisikia valvu ya tangi la pili inavuja, akafunga kamba kwenye nguzo, akaenda akidhani ni mara moja. Valvu ikamshika nusu saa.

Aliporudi akamkuta mpwa wake amekaa kando ya mfuniko, midomo imepauka. Wakili akamwomba radhi. Alisema ameulizwa mara nne, akajibu tatu. Ya nne alikuwa amekaa kwenye tope, usingizi mtamu, ulimi mzito, akaona apande ajibie huku juu. Mjomba hakuwa ameuliza hata mara moja, na mlinzi wa geti alisema uani hakupita mtu.

Nilimuuliza sauti ilikuwaje.

"Ya kawaida tu. Kama ya mtu aliyekuwepo tangu asubuhi."

Kina mama wa kanisani walitaka asimame atoe ushuhuda. Nikakataa. Wakili alikuwa na maelezo yake, kwamba ubongo ukikosa hewa husikia vitu, na maelezo hayo si ya kuchekwa. Imani yangu sikuijenga juu ya shimo la tusiyoyajua. Ningeijenga hapo, siku likizibwa nami nimekwisha. Nikamwambia hivyo, ila nikaongeza kuwa nimesikia hewa mbaya ikilaza watu, sijasikia ikiwaamsha. Hakubisha. Wakili, asibishe?

Siku tatu hakugusa ndoo. Tangi lilibaki nusu, wodi ya wazazi inangoja maji, na mjomba akasema asiposhuka sasa hatashuka tena maisha.

"Siogopi hewa, Bibi," akaniambia. "Ile 'Upo?' ya mwisho sikuijibu. Naona kama bado inaningoja."

Asubuhi nikaenda naye. Feni ikapuliza kwanza, hewa ikapimwa. Nikakaa kwenye kigoda kando ya shimo, kamba mapajani, mjomba ameishika nyuma yangu. Kuuliza wakaniachia mimi. Akashuka ngazi, giza likamfika mabegani, halafu kichwani. Nikasikia brashi ikisugua ukuta. Kisha ikasimama.

Dakika zangu zilikuwa hazijafika, na mdomo sijaufungua. Kutoka chini, polepole, kama anayemjibu mtu aliyekaa karibu, akasema:

"Nipo."