Kulungu wa Arobaini ya Baba

...na bado ana joto, huyu, nikiweka kiganja hapa chini ya kwapa lake nasikia joto kama la nguo iliyotoka kwenye pasi, lakini pumzi hakuna, nimeinamisha sikio mpaka puani mwake mara mbili na pumzi hakuna, jicho liko wazi na nzi ameshatua juu yake na jicho halikupepesa, basi amekufa, Waziri, amekufa kabla hujafika, hatua zile ishirini za mwisho ulizokwenda ukisukuma miiba kwa viwiko ndizo zilizokukosesha, na kisu hiki mkononi kinafanya nini sasa... Ami anaita. Yuko ng'ambo ya kijito, anaita Waziri, we Waziri, kwa sauti yake ya kikohozi, na goti lake lile halimruhusu kukimbia, atavuka polepole akishika matawi, nina dakika tano, labda sita, kisha atasimama hapo penye mti uliopinda, ataegemea fimbo, na ataniuliza lile neno ambalo wawindaji wa kwetu huulizana tangu enzi na enzi, ni halali? nami nitajibu, na nikishajibu hakuna atakayeuliza tena, si yeye, si mama, si jamaa wa Bodo wanaokuja kesho na mikoba yao kwa arobaini ya baba, neno la mwenye mshale halirudiwi, ndivyo ilivyo kwetu. Na mimi ndiye mwenye mshale. Mimi, Waziri wa Suleiman, fundi cherehani wa barazani Msambweni, miaka thelathini na minne na sijapata kuua hata kanga, nimeangusha kulungu dume mwenye pembe zilizosokotwa, wallahi furaha ninayo, siwezi kuikana, nilipouruka ule mgogo nilitaka kucheka peke yangu, maana mshale umeingia nyuma ya bega, pale pale baba alipokuwa akinionyesha kwa kidole juu ya ngozi zilizotandazwa uani, hapa, akisema, hapa, si tumboni kama washonaji.

Kama washonaji. Na wakati ule sikuwa hata mshonaji, nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa nimekosa paa aliyesimama tuli, amesimama kabisa, ananitazama kama anayenisubiri, na mshale wangu ukapita juu yake ukaenda zake, baba hakunipiga, afadhali angenipiga, alikwenda kuutafuta ule mshale, akaufuta kwa nguo yake, akaniambia nibebe kibuyu cha maji, na toka siku hiyo nikawa mbeba maji, mpaka mjomba akanionea huruma akanipeleka kwenye cherehani. Hakuwa mtu mbaya baba, nisije nikamsingizia maiti, alikuwa mtu wa mwituni tu, mtu aliyejua kulungu amelala wapi kwa kuangalia umande, na mtu wa namna hiyo afanye nini na mtoto mmoja tu, mwanamume mmoja, naye anapenda uzi na kitufe. Desemba ile ya Uhuru nilishona bendera za shule, vibendera arobaini, nyeusi nyekundu kijani na ile mistari myeupe myembamba katikati inayomtoa fundi jasho, nikampelekea kimoja kitandani, alikuwa ameshaanza kuvimba miguu, akakishika, akakigeuza, akatazama mshono wa nyuma, nikangoja, nilikuwa mtu mzima na ndevu zangu na bado nikangoja, akasema, kitambaa chote hiki, na hao askari wa wanyama je, wataondoka sasa? Nikamwambia sijui. Hawakuondoka, wamebadilishwa kofia tu, na leo wakitukuta hapa na upinde watatufunga vile vile, lakini hilo sasa hivi silo linalonitia hofu.

Linalonitia hofu ni ule wasia. Ami Abdurahman alikuwepo, ndiye mdogo wake baba, alikuwa amekaa anamkanda miguu, na mama ameshika kikombe cha uji, na majirani wamejaa mpaka mlangoni, na baba akasema kwa sauti iliyobaki nyembamba, arobaini yangu msinichinjie mbuzi wala ng'ombe, nataka nyama ya mwitu, na ipigwe na nyumba hii. Nyumba hii ina mwanamume mmoja. Watu wote wakatazama mkeka, nami nikatazama vidole vyangu vyenye matundu ya sindano, na mpaka leo sijui alitaka kunipa kitu au alitaka kunicheka mara ya mwisho mbele za watu, siku thelathini na tisa nalala na swali hilo na kuamka nalo, nimeingia mwituni mara tatu na Tsuma, mwindaji wa Kiduruma asiyeswali, nikatoka mikono mitupu, na barazani wameshaniuliza kama nimempima kulungu kiuno, na mama, mama Mwanasha wa watu, amekopa masufuria kwa majirani na kuwaambia watu kuanzia Msambweni mpaka Bodo kwamba mwanangu ataleta, mwanangu amekwenda kuleta, hakusema hata inshallah, mama ambaye husema inshallah hata akienda kuchota maji. Na sasa nimeleta. Yupo hapa. Kilichobaki ni neno moja, na neno lenyewe ni jepesi, herufi chache tu, ami hata hatanitazama usoni, atakuwa anatazama pembe.

Ulisema au hukusema, Waziri. Bismillahi ulisema? Maalim alitufundisha chuoni tukiwa tumekaa kwenye vumbi, mnyama wa mshale akifa kabla hujamfikia ni halali, ule mshale ndio kisu chako, ila sharti ulipouachia uwe umetaja jina la Mola, na mtu akamuuliza, je aliyesahau, maalim akasema aliyesahau amesahau, Mungu ni mwingi wa rehema, ale, basi nimesahau, ndiyo, nilikuwa na haraka, moyo ulikuwa unapiga, nani asingesahau, nilisahau na nyama ni halali, alhamdulillahi, futa kisu uinuke... Lakini midomo ilitikisika. Hapo ndipo panapokwama. Kama nilikuwa nimesahau tu midomo ingenyamaza, na mimi nakumbuka midomo ikitikisika, nakumbuka pumzi ikitoka na kitu ndani yake, na maalim hakuishia pale, alinyoosha kidole akasema, ila yule aliyetaja jina la mwingine asiye Mungu, huyo nyama yake ni mzoga, sawasawa na nguruwe.

Ami ameingia majini, nasikia fimbo yake inagonga mawe. Anza mwanzo, polepole, kama unavyofumua mshono. Tulikuwa tumelala kifudifudi, umande umeshalowanisha kanzu yangu ya kazi, Tsuma kulia kwangu, karibu hata nasikia harufu ya ugoro wake, akaonyesha kwa kidevu, nami sikuona kitu, kisha kitu kikawa sikio, sikio likawa kichwa, akatoka kwenye kivuli kuokota matunda yaliyoanguka, nikavuta, na mkono haukutetemeka, hiyo ndiyo ajabu, miaka yote hii unatetemeka na leo umetulia kama niko kwenye cherehani na natunga uzi, nikaona nyuma ya bega, nikaona kama pamechorwa kwa chaki, na nikasema... Nilisema. Kisha mshale umekwenda, kulungu ameruka, Tsuma ameinuka amenipiga begani, amesema maneno, sikuyasikiliza, nilikuwa nakimbia tayari, naye akaenda upande wa pili kukata mti wa kubebea, lakini maneno yaliingia sikioni hata kama sikuyasikiliza, yako humo bado, alikuwa anacheka kwa furaha yake ile ya Kiduruma, akasema, "Vizuri umemwita mzee. Amekusikia."

Umemwita mzee.

Yeye kwake ni sawa, kwao kumwita marehemu mwituni ni adabu, angeshangaa kama nisingemwita, alinisifu, Tsuma, hakujua ananikata koo. Baba, tazama. Ndivyo nilivyosema. Si Bismillahi, si hata nusu yake, nilisema Baba, tazama, na siwezi tena kujifanya sikumbuki kwa sababu sasa naisikia na sauti yake, sauti ya mtoto. Basi hakuna anayejua ila Tsuma, na Tsuma haoni ubaya wala hataulizwa. Nikikata sasa damu itatoka, bado ana joto, itatoka hata kama haitaruka, na macho ya ami yana ukungu, ataona koo lililofunguliwa na kisu chekundu, nitasema nilimkuta anahema nikasoma nikachinja, na kama ingekuwa kweli ingetengeneza kila kitu, pumzi moja tu ingetosha, pumzi moja alikosa huyu kunipa. Nani atadhurika? Watakula wakiamini, na anayekula kwa kuamini hana dhambi, dhambi ni yangu peke yangu, na mimi sitaonja hata mchuzi, mnyama wa kwanza mwenye mshale haonji, ndiyo desturi, angalau tumbo langu litakuwa safi. Angalia unavyokwenda, fundi. Unavyokata kwa ujanja. Mama atakula. Atafungua vidole vyake vya baridi yabisi na kuchukua pande la kwanza kwa sababu ameleta mwanawe, na mzee mmoja atainua mikono, na wote, mdomo ukiwa bado una mafuta, watasema Ewe Mola mrehemu Suleiman, na dua hiyo nitakuwa nimeichafua mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, juu ya kaburi la baba yangu, ili watu wa barazani waache kunicheka.

Kisu kimegusa koo, sikukipeleka, kimekwenda chenyewe, manyoya hapa ni mafupi na laini... Ami anakohoa, ameshapanda ukingo. Kwa nini nilimwita. Jibu hilo kwanza, kabla ya mengine. Si kwa kumwabudu, astaghfirullahi, sijawahi kumwomba baba kitu hata alipokuwa hai, labda hiyo ndiyo sababu. Siku thelathini na tisa sijalia. Watu walisema Waziri mwanamume, amevumilia, nami nilijua sikuvumilia kitu, nilikuwa na hasira, nilimwosha kwa hasira, nikamshonea sanda kwa hasira, mishono midogo midogo ambayo hakuna maiti aliyepata kushonewa, ili nani aione? Yeye aione. Amelala kafunga macho na mimi bado nashona ili aione. Na asubuhi hii nimevuta upinde kwa ajili hiyo hiyo, si kwa arobaini, si kwa wasia, si kwa mama, mshale huu tangu ulipotoka nyumbani haukuwa wa Mungu wala wa watu, ulikuwa wa kumwambia mzee mmoja, tazama, si tumboni, hapa. Naye hakutazama. Amekufa, hatazami kitu. Ningemwangushia tembo asingegeuza kichwa... Ah, macho yangu haya, sasa ndiyo wakati wake? Yameanza kunichuruzika juu ya shingo ya kulungu, na siyafuti, mkono mmoja una kisu na mwingine umeshika pembe, wacha yatoke, baba, nimekukosa, nilikukosa hata ulipokuwepo, nilikuwa nasimama kando ya kitanda chako na kibendera.

Nyama itakwenda kwa Tsuma, watoto wake watakula wiki nzima na hawana cha kuwazuia. Mama atapika kunde kwa nazi, atalia kwanza, kisha atapika. Jamaa wa Bodo watasema, wacha waseme, na wasia wa baba hautatimia, au utatimia mwaka mwingine kwenye hitima nyingine, siwezi kumwahidi, nimechoka kumwahidi. Majani yanafunguka, naiona miguu ya ami, ndala moja imebaki kijitoni na hajali, amekuja mbio kwa kiasi cha goti lake, ameona pembe, ameniona mimi nimepiga magoti na kisu kooni na uso umelowa, na uso wake wote umefunguka, anafanana na baba jinsi hii akiwa na furaha, sikuwa nimeona, baba sikumwona na furaha ya namna hii, ameegemea fimbo, anavuta pumzi ili aniulize.

"Si halali, ami," nikamwambia kabla hajauliza. "Nilimwita baba. Nilitaka anione."